Ritifaa ya Chang'ombe

Jumapili moja ya mwaka 2012, baada ya kikoba chetu cha Tandika kufungua sanduku na kabla ya zamu ya kununua hisa kuanza, bibi mmoja mwanachama, ambaye kusoma kwake hakukuzidi herufi alizofundishwa chuoni utotoni na zile alizoziongeza ukubwani katika madarasa ya elimu ya watu wazima, alisimama mbele ya karatasi niliyoibandika ukutani, akaitazama kitambo kirefu ncha ya mtandio ikiwa mkononi, kisha akaniuliza kwa sauti iliyosikika na kila mtu: "Bwana katibu, mwanangu, sisi watatu tumekosa nini hata ukatutoa nje ya safu?"

Sikumfahamu mara moja. Niliisogelea karatasi nikiwa na yakini kwamba haina kasoro, kwa kuwa nilikuwa nimeichapisha mwenyewe usiku wa kuamkia siku ile, nikaona lile ambalo jicho la mwandishi huchelewa kuliona na jicho la mwandikwa huliona papo hapo: katika mistari 28 ya wanachama, mistari mitatu ilikuwa imejongea kushoto kwa nafasi ya herufi mbili. Jina la yule bibi lilianza pale pale yalipoanzia majina ya wenziwe, na mtaa wake vivyo hivyo. Lakini tarakimu zake, badala ya kusimama chini ya tarakimu za waliomtangulia, mamoja chini ya mamoja na makumi chini ya makumi, zilikuwa zimeponyoka upande, hata mkopo wake wa shilingi 90,000 ukaanzia kushoto zaidi kuliko mkopo wa shilingi 900,000 wa jirani yake. Kwa mtu asomaye tarakimu moja moja, hiyo ni kero ya macho tu. Kwa mtu asomaye kwa kupima urefu, kama wafanyavyo wengi wa wanunuzi na wauzaji wa soko la Tandika, karatasi yangu ilikuwa ikitangaza hadharani kwamba mwenye deni dogo ndiye mdaiwa mkubwa kuliko wote.

Lililonitia fadhaa zaidi ni kwamba watatu hao wote walikuwa wageni, waliojiunga mwanzoni mwa mzunguko ule, na wote watatu walikuwa wakazi wa Chang'ombe. Mnong'ono ulikwisha kupita kikobani kwamba katibu amewawekea alama watu asiowaamini. Msomaji aliyekulia uswahilini hahitaji kuelezwa uzito wa shutuma ya namna hiyo, kwa maana neno safu kwetu si la karani peke yake: imamu hageuki kukabili kibla mpaka awe ametazama kulia na kushoto na kuhakikisha kwamba visigino vya maamuma vimelingana, na anayebaki nje ya mstari hujiona, na huonwa, kuwa ana jambo. Yule bibi hakuwa akilalamikia uchapaji, bali heshima yake.

Niliomba radhi, nikasema ni kosa la mashine, nikaahidi kulisahihisha. Hapo nilinena kweli nusu, kwa kuwa wakati ule sikuwa na habari kosa lenyewe ni lipi wala ni la nani.

Elimu yangu ya kupanga safu niliirithi kwa marehemu baba, aliyekuwa karani wa ghala Kurasini katika miaka ya 1960 na ya 1970, na ambaye mashine yake ya kupiga chapa, chombo cha chuma kizito kama jiwe la kusagia, ililetwa nyumbani kwetu Temeke kila alipokuwa na orodha ya kumaliza usiku. Baba alikuwa na kanuni ambayo hakuivunja hata siku moja: hakuipiga herufi ya kwanza ya orodha kabla hajaisoma orodha nzima hadi mwisho. Aliisoma kwa kalamu ya risasi mkononi, akilitafuta jina refu kuliko yote katika kila safu, akihesabu herufi zake, akiongeza mbili za pumzi, na hapo ndipo aliposogeza vile vituo vidogo vya chuma nyuma ya roli, ambavyo kwa kubonyeza kitufe kimoja roli iliteleza na kusimama mahali palepale kila mara. Mimi nilikuwa mtoto wa kukosa subira, na nilipomwuliza kwa nini asianze tu akarekebisha mbele ya safari, alinijibu kwamba mstari wa kwanza haunyooki ila kwa idhini ya wa mwisho. Nililidhani fumbo la kizee. Lilikuwa ufundi mtupu, na miaka mingi baadaye nililikuta neno kwa neno, ingawa kwa lugha nyingine, ndani ya kompyuta.

Kikoba, kwa wasiokijua, ni benki ya majirani. Wanachama, ambao aghalabu hawazidi 30, hukutana kila juma, hununua hisa kwa kiasi walichoafikiana, hutia kitu kidogo katika mfuko wa jamii kwa ajili ya misiba na maradhi, na huruhusiwa kukopa hadi mara tatu ya hisa zao. Fedha hulala katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo tatu hukaa kwa watu watatu mbalimbali, ili pasiwe na mmoja awezaye kulifungua peke yake. Kufuli tatu hizo hulinda fedha, lakini kinachowalinda wanachama wenyewe kwa wenyewe ni daftari. Mtu hawezi kuona sarafu zake zilizochanganyika na za wengine. Anachokiona ni mstari wake. Kwa hiyo nilipochaguliwa katibu, na daftari la mkono likawa limejaa mikwaruzo ya wino na marekebisho ambayo kila mmoja aliyatilia shaka kwa nafasi yake, niliazimia kununua kompyuta.

Niliipata ya mitumba mwaka 2008, pamoja na printa ya zamani ya aina ile inayogonga utepe kwa sindano na kupiga kelele usiku hata majirani wakajua ni siku ya orodha. Jaribio langu la kwanza lilikuwa la aibu. Niliandika majina katika programu ya kuandikia nyaraka, nikasukuma tarakimu kwa kubonyeza kitufe cha nafasi mara nyingi kadiri jicho lilivyoniambia, nikachapisha, na kila mstari ukaishia mahali pake wenyewe kama meno ya msumeno mbovu. Sababu yake mtoto wa karani alipaswa kuijua: katika Times New Roman herufi i ni nyembamba na herufi m ni pana, hata "Mwanamkasi" na "Idi" haziwezi kupimwa kwa hesabu ya herufi, ilhali mashine ya baba ilimpa kila mmoja, mnene na mwembamba, nafasi iliyo sawa. Fonti ya Courier, iliyobuniwa kwa ajili ya mashine za kupigia chapa za IBM katika miaka ya 1950, inaihifadhi insafu hiyo, na printa yangu ya utepe haikujua nyingine. Nikaiacha programu ile, nikahamia kwenye maandishi matupu.

Hapo ndipo nilipokutana na Awk. Kompyuta ile ilikuwa na mfumo wa bure wa Linux, ambao kijana aliyeniuzia aliusifu kwa kuwa hauna virusi na hauhitaji leseni, na ndani yake mlikuwa na lugha hiyo ndogo, iliyotungwa mwaka 1977 katika maabara za Bell kule Marekani na wanaume watatu, Aho, Weinberger na Kernighan, ambao herufi za kwanza za majina yao ya ukoo ndizo jina lake. Zipo lugha nyingine zilizoifuata njia hiyo na kuipita. Mathalani Perl, aliyoitoa Larry Wall mwaka 1987, inamruhusu mwandishi kuuchora ukurasa wake kwa alama, mishale ya kushoto kwa maneno na mishale ya kulia kwa tarakimu, kana kwamba anamwonyesha fundi seremala picha ya kabati. Lakini mimi nilianza na Awk, na mapenzi ya kwanza, kama wasemavyo wazee, hayana dawa. Amri yake ya kupanga ninaikumbuka mpaka leo kwa jinsi nilivyoiandika:

printf "%-24s%-15s%8s%13s\n", jina, mtaa, hisa, mkopo

Mgeni huiona kama hirizi, na kumbe ni maelekezo ya karani. Alama ya asilimia husema, hapa pana safu. Kistari husema, sukuma kushoto. Namba husema, safu hii ina upana wa nafasi kadhaa, zilizobaki uzijaze uwazi. Na herufi s husema, kitakachoingia ni maneno. Palipokosekana kistari, kitu husukumwa kulia, na hapo ndipo mahali pa fedha, kwa sababu maneno husomwa tangu mwanzo wake lakini fedha hupimwa tangu mwisho wake. Namba zangu sikuzibuni. Jina refu kuliko yote kikobani lilikuwa na herufi 22, nikaongeza mbili. Mtaa mrefu kuliko yote ulikuwa Mtoni Kijichi, wenye 13 pamoja na nafasi ya katikati, nikaongeza mbili. Ukurasa wa printa ulikuwa na nafasi 80, upana ambao ulimwengu wa kompyuta uliurithi kwa kadi za matundu za IBM za mwaka 1928, na nilipojumlisha safu zangu nne nikapata 60, nikaziacha 20 kwa sahihi na madole gumba. Nilipoendelea kujifunza, niliacha kuhesabu kwa kidole, nikaiandikia mashine iisome orodha mara mbili: mara ya kwanza kukumbuka urefu ulio mkubwa kuliko wote katika kila safu, mara ya pili kuandika. Usiku ule nilimwombea baba rehema.

Kwa miaka mitatu na ushei karatasi zangu zilitoka zimenyooka hata mwenyekiti akawa akiwaonyesha wageni. Labda ndiyo maana lile swali la bibi lilinichoma; aliyezoea kusifiwa kwa unyofu hana ngao siku akiitwa mpotofu.

Niliporudi nyumbani jioni ile nilianza kwa kumshuku kila aliyekuwa mbali na mimi. Nilishuku printa, nikaichapisha orodha mara nne. Mistari mitatu ilisogea mara nne, kwa nafasi mbili zile zile, na mashine mbovu haina nidhamu ya namna hiyo. Nikashuku kwamba majina ya wale watatu yana nafasi zilizojificha mwishoni, nikazifuta, haikusaidia. Nikaona kwamba kinachosogea hakianzi kwenye jina bali baada ya mtaa, na mtaa ni Chang'ombe. Lakini Chang'ombe walikuwapo wanachama wengine wanne, wa zamani, na mistari yao ilikuwa imesimama kama nguzo. Neno moja, mara saba, mara nne nyoofu na mara tatu potofu. Nikakata shauri la kulibadilisha neno lenyewe kwa Awk, nikaandika Chang'ombe katikati ya amri, nikabonyeza, na mashine, badala ya kujibu, ikanitolea mshale mmoja mdogo wa kungoja, nami nikaungoja, nao ukaningoja, mpaka umeme ulipokatika tukaachana. Baadaye nilifahamu kwamba amri ya Awk hufungwa mwanzo na mwisho kwa ritifaa, na ritifaa ya Chang'ombe iliifunga kabla ya wakati wake. Mashine ilikuwa ikisubiri kwa adabu nimalize sentensi ambayo mimi nilidhani nimekwisha kuimaliza.

Ninapaswa kukiri jambo jingine hapa, ingawa halinipambi. Mwezi mmoja kabla ya siku ile nilikuwa nimechapisha jumla za hisa kwa mitaa, na Chang'ombe ilitokea mara mbili, mstari mmoja wenye watu wanne na mwingine wenye watu watatu. Nililiona. Nikasema moyoni kwamba nimekosea mahali, nikazijumlisha mbili hizo kwa kalamu, nikafuta mstari mmoja, nikaenda kulala. Kosa lilikuwa limebisha hodi kwa upole mlangoni mwangu, na mimi nikalijibu kwa kulizimia taa.

Siku ya pili nilipanda daladala mbili, nikashuka Kinondoni Mkwajuni, kwa kuwa nilikumbuka kwamba fomu za wale wageni watatu hazikuandikwa na mimi. Mmoja wao ana binti anayefanya kazi upande ule, naye alizipeleka zikachapwa katika steshenari ya mtaani, kisha akaniletea katika flashi, nami nikazinakili kama zilivyo. Kijana wa steshenari alikuwa na umri wa mwanangu wa mwisho.

"Shikamoo, mzee," alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye kitambulisho alichokuwa akikitia plastiki.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuuliza habari ya neno moja."

Nilidhani atacheka. Hakucheka. Aliichukua flashi, akaliangalia neno Chang'ombe la fomu zake na Chang'ombe la orodha yangu ya zamani, akayakuza mpaka yakajaa kioo, na hapo nikaona kwa macho yangu kwamba ritifaa hazikuwa moja: yangu ilisimama wima kama msumari, ya kwake ilipinda kama mkia wa kamba. "Word ndiyo inayozikunja, mzee," alisema. "Ukiandika ya kawaida, yenyewe inakubadilishia ipendeze." Kisha akaniandikia amri mbili, nami nilizinakili nyuma ya tiketi ya daladala. Kwa amri ya kwanza, wc -c, mashine ililihesabu neno lake na kujibu 12. Kwa amri ya pili, wc -m, ililihesabu neno lile lile na kujibu 10. Neno langu lilijibu 10 kwa zote mbili.

Hapo mambo yote yalinifunukia. Herufi za kawaida, pamoja na ritifaa ya msumari iliyopewa namba 39, ziliorodheshwa Marekani, katika miaka ya 1960, ndani ya jedwali la alama 128, na kila moja hukaa katika baiti moja, kama mpangaji mmoja katika chumba kimoja. Ritifaa ya mkia haikuwamo katika jedwali lile. Imepata namba yake, 8217, katika jedwali kubwa la Unicode linalokusudia kuzikusanya hati za dunia nzima, na kwa mtindo wa UTF-8, ambao Ken Thompson na Rob Pike waliubuni mwaka 1992, alama hiyo moja inahitaji baiti tatu. Awk iliyokuwa katika kompyuta yangu ilikuwa ya kabila la mawk, ambayo ni nyepesi na yenye mbio, nayo haihesabu herufi bali baiti. Ilipolipokea Chang'ombe la mkia ikaona 12 katika safu ya 15, ikaongeza nafasi tatu. Jicho la bibi likaona herufi 10 na nafasi tatu, jumla 13, na safu ikapungua mbili. Mashine haikukosea hesabu hata kidogo. Ilihesabu kitu kingine.

Nilirudi Temeke katika daladala iliyojaa nikiwa nimesimama, nikilirudia neno lile kimoyomoyo, na ghafla nikagundua kwamba nalihesabu kwa namna ya tatu: cha, ng'o, mbe. Mizani tatu. Sisi watu wa pwani tulijifunza kuhesabu maneno kwa namna hiyo kabla ya baiti na kabla ya mashine ya baba. Mtunzi wa utenzi anayetaka mizani nane katika kila kipande hajali kwamba kipande kimoja kina herufi 14 na kingine 21. Kwa sikio vimelingana, na sikio ndilo kadhi wake. Nimewahi kuziona katika maktaba ya Chuo Kikuu pale Mlimani hati za kale za tenzi zilizokusanywa na J. W. T. Allen katika miaka ya 1960, zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ubeti mmoja katika mstari mmoja, vipande vinne vikiwa vimetengwa safu kwa safu kwa alama ndogo za wino. Na katika hati ile, isiyo na ritifaa wala ng', herufi ghaini ndiyo iliyobeba kazi hiyo, na msomaji akaachiwa kutambua mwenyewe. Mwandishi wa hati zile alikuwa na mizani masikioni na safu machoni, akazipatanisha mbili hizo kwa mkono, hapa akibana herufi, pale akiinyoosha. Kumbe neno moja la Chang'ombe lina 3 kwa mshairi, 10 kwa karani na 12 kwa mawk, na wote watatu ni wakweli. Ugomvi huanza pale mmoja anapompangia safu mwenzake bila kumwuliza anahesabu nini.

Sisemi haya kwa kuwalaumu wahandisi wa mbali, ingawa kuna siku nilitamani. Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwisha kutoa mwaka 2004, katika mradi wa Kilinux, OpenOffice ya Kiswahili iliyopewa jina la Jambo, nayo ilikuwa kazi ya kutukuka. Lakini kuitafsiri milango ya nyumba si sawa na kujua msingi wake umejengwa kwa kipimo gani, na ng' yetu, sauti ambayo Mswahili huitoa bila kufikiri anapomtaja ng'ombe, iko ndani kabisa ya msingi huo. Hata simu haikusalimika. Baada ya mkasa huu nilichunguza kwa nini taarifa za mkopo nilizowatumia wale wageni watatu wa Chang'ombe zilinigharimu jumbe mbili na tatu ilhali za Yombo Vituka zilitoka kwa mmoja: ujumbe wa simu hubeba herufi 160, lakini ukiingiza ndani yake ritifaa moja tu ya mkia, huhamia kwenye hati nyingine na kubeba 70. Kodi ya kuishi Chang'ombe, nilimwambia mweka hazina, naye hakuona kichekesho.

Dawa zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa kuibadili mawk kwa nduguye gawk, ambayo huhesabu herufi kama mtu, na kijana wa Kinondoni alinipa katika flashi yangu mwenyewe bila kutaka malipo. Mimi nilitaka kuishia hapo. Safu zingenyooka, na nani angejua? Yeye akanikatalia kwa heshima. "Mzee, macho utakuwa umeyatibu, ila Chang'ombe zitabaki mbili." Alikuwa na haki, na nilikumbuka ule mstari nilioufuta kwa kalamu. Kwa hiyo ya pili ikawa kuyapitisha majina yote katika chujio, kila ritifaa ya mkia igeuzwe ya msumari kabla haijaingia daftarini. Na tangu wakati huo sipokei orodha ya mtu, iwe imechapwa Kinondoni, iwe imechapwa Ulaya, bila kuipitisha katika chujio lile. Kama ningetakiwa kuchagua moja kati ya mbili hizo leo, ningelichagua chujio, kwa sababu orodha iliyopinda humwudhi mtu mmoja kwa siku moja, bali orodha inayoliita jambo moja kwa majina mawili hudanganya kimya kimya kwa miaka.

Jumapili iliyofuata niliomba dakika tano kabla ya sanduku kufunguliwa. Niliwaeleza wanachama, bila mashine wala baiti, kwamba alama ndogo ya Chang'ombe iliandikwa kwa namna mbili na mimi sikuitambua. Kwamba hakuna aliyewekewa alama. Na kwamba mwezi uliotangulia niliiona dalili nikaipuuza. Hilo la mwisho lilinifanya nitokwe na jasho. Mwenyekiti aliuliza kama katiba ya kikoba ina faini kwa katibu, mweka hazina akasema ipo, ya shilingi 2,000, nikailipa, ikaingia katika mfuko wa jamii na kuandikwa.

Yule bibi hakusema neno. Aliinuka, akaiendea karatasi mpya, akaushika wima ukingo wa kitabu chake cha hisa juu ya safu ya mikopo, akauteremsha pole pole kutoka mstari wa kwanza hadi wa 28, huku mamoja yote yakiugusa ukingo ule. Kisha akarudi kwenye mkeka, akalipa rejesho lake la shilingi 30,000, akatia dole gumba. Chini ya ukurasa, katika jumla za mitaa, Chang'ombe ilikuwa imeandikwa mara moja, wanachama saba.